Mabaka ya Fundi Athmani

Matondoni

Mama mpenzi, nakushika miguu.

Mafunzo ya magonjwa ya ngozi nayamudu. Leo daktari kaniachia mgonjwa, Bwana Athmani, fundi wa majahazi. Tulimkuta nyumbani kwake, majirani wamekusanyika uani. Alikuwa na mabaka meupe mgongoni, watu wakasema ni ukoma, ikawa anakula peke yake.

Nikamwambia afumbe macho, nikagusa kila baka kwa unyoya.

"Hapa wahisi?"

"Nahisi."

"Na hapa?"

"Nahisi, mwanangu."

Nikasema majirani wasikie: "Baka la ukoma halihisi kitu, haya yote yahisi. Si ukoma. Ni mba, na dawa ipo."

Daktari akamkagua, akakubali. Mke wa mgonjwa akaleta sinia ya wali na samaki. Nikanawa, nikala na Bwana Athmani. Ndugu yake, aliyekuwa akimkwepa, akaja kuketi nasi.

Mungu akuweke, mama. Nakukumbuka kila nilapo.

Mwanao, Salimu