Ndugu wa Karibu: Hakuna

Jumatatu, 5 Juni

Bosi kaja na jipya. Wiki iliyopita bibi mmoja alifanyiwa upasuaji wa jicho hapa kliniki, akasahauliwa kwenye benchi mpaka mlinzi anafunga geti. Simu yake imezima, hakuna aliyejua wa kumpigia. Kwa hiyo kila rekodi ya mgonjwa iongezwe kisanduku: Ndugu wa karibu, jina na namba. Kisipojazwa, mtu haingii chumba cha upasuaji.

"Kazi ya dakika tano hiyo," anasema. Mtu mwenyewe kipanya cha kompyuta anakiita "kidude".

Dakika tano ni za kisanduku. Wagonjwa elfu sita wa zamani je?

Jumanne, 6 Juni

Kisanduku kipo. Kitupu, mara elfu sita.

Namba za ndugu tunazo, ila zimetapakaa kwenye maelezo ya miaka kumi, kila karani kaandika alivyoamka. "Pigia mwanawe, yule mnene." "Mume hashiki simu, jaribu jirani." Nimeandika programu fupi ya kuzichambua na kuzihamishia mahali pake. Nikaijaribu kwenye nakala ya rekodi kwanza — ashukuriwe aliyebuni nakala. Imeokota namba ya daktari wetu kwenye maelezo, ikamfanya ndugu wa karibu wa watu mia nne. Ukoo mkubwa. Hongera zake.

Jumatano, 7 Juni

Imekubali. Zimegoma rekodi 212 tu. Bosi anataka nizijaze "hakuna" tusonge mbele. Nikamwambia: kitupu maana yake hatujui, "hakuna" maana yake tuliuliza, tukajibiwa. Akanitazama kama nimemtukana mkwewe. Basi, akasema, mwenye falsafa azisome moja moja.

Mdomo uliponza kichwa.

Alhamisi, 8 Juni

Rekodi ya 147. Baba.

Sina hamu ya kuandika.

Ijumaa, 9 Juni

Haya, niandike. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Upasuaji kesho, wa tatu kwenye orodha. Na kwenye maelezo, chini kabisa: "Ndugu wa karibu: HAKUNA."

Nikamwendea dada wa mapokezi, tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi. Anamkumbuka. Alimwuliza mara mbili, na mzee akamwambia aandike hakuna, tena kwa herufi kubwa.

Mtoto wa jicho anaye, kaandikwa na tarehe kabisa. Wa kumzaa hana.

Baba alifundisha udereva miaka thelathini. Mwaka jana aligonga geti la jirani mara mbili ndani ya mwezi, nami nikamnyang'anya funguo za gari mbele ya wanafunzi wake wa zamani. Miezi kumi na moja hatusemeshani. Anajua nafanya kazi hapa; ndiyo maana huja Jumamosi, siku ambayo siji. Kumbe alikuwa haoni kweli, na sasa daktari kathibitisha. Nimeshinda. Mbona sijisikii kucheza?

Na kisanduku, tangu nikifunge ili bosi asijaze ovyo, hakikubali "hakuna". Kinataka namba. Kesho kitamzuia mlangoni baba yangu mwenyewe.

Mchana nilijaza jina langu na namba yangu. Nikakitazama kisanduku. Nikafuta. Mzee aliulizwa, akajibu. Si mimi niliyehubiri hivyo juzi?

Jumamosi, 10 Juni

Nimekuja. Nimesimama nyuma ya kabati la mafaili kama mwizi wa kuku, naandika nyuma ya fomu.

Kaingia peke yake, mkono ukipapasa ukuta. Shati kalipiga pasi mwenyewe, upande mmoja tu. Redio kamweleza kwamba kompyuta haipokei hakuna.

"Nani kaitengeneza kijinga hivyo?"

Redio, mara ya kwanza maishani, kanyamaza. Ila jicho lake likaja kabatini.

Baba naye akageuka. Akatazama huku nilipo kwa muda mrefu. Anachoona ni ukungu tu, daktari kaandika hivyo. Nikabana pumzi hata hivyo.

"Andika namba," akamwambia Redio. Akaanza kuitaja taratibu, kwa sauti ile ya kufundishia kurudi nyuma. Sifuri. Saba. Tarakimu saba za mwanzo, zote zangu, kwa mpangilio. Hapo akakwama.

"Ngoja. Itakuja."

Muuguzi kaita wa pili. Baba yuko pale pale kaunta, kafumba macho, midomo inacheza. Zimebaki tatu. Nazijua. Nimeshatoka nusu nyuma ya kabati, naweka kalamu.