Wazi Sasa

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kazini, mara ya kwanza tangu tumzike Baba. Wenzangu wamenipa pole, kisha kila mtu akageukia kompyuta yake. Afadhali. Kazi yetu haitaki maneno. Tunabandika lebo ndani ya kurasa za mtandaoni za wateja: jina la duka, saa za kufungua, namba ya simu. Injini ya utafutaji inazisoma, na mtu akitafuta anaona kisanduku juu kabisa, bila hata kufungua ukurasa.

Nikatafuta "fundi wa kutengeneza cherehani". Nilijua sipaswi! Baba ndiye wa kwanza. Picha yake, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Chini yake, kwa kijani: Wazi sasa.

Lebo hizo nilizibandika mimi, nilipokuwa najifunza kazi. Alizunguka na simu kwa majirani kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Jumatano, 5 Machi

Simu ya Baba bado inalia. Mama anaichaji, anatembea nayo jikoni hadi uani. Leo mteja mmoja alikuwa na sauti ya kusikika mpaka kwangu. Mwambie huyo mzee cherehani changu kimeanza tena kutafuna nguo kama mbuzi! Mama akacheka — akacheka kweli — akasema fundi katoka kidogo.

Katoka kidogo.

Nikamuuliza kwa nini hawaambii.

"Niache, mwanangu. Watu wanamtafuta. Mtu anayetafutwa si yupo?"

Chakula kimenishinda.

Ijumaa, 7 Machi

Bosi kaniita. Kuna mzee kabeba cherehani begani hadi dukani kwa Baba, kakuta kufuli. Kakaa juani asubuhi nzima, maana mama mmoja kwenye simu alimwambia fundi anarudi. Jina letu liko chini ya ukurasa, kaja kututukana sisi. Bosi hakufoka — bora angefoka. Pole yake iko palepale, kasema, lakini injini ikigundua lebo za uongo haituamini tena, na wateja wetu wote wanashuka chini kwenye matokeo.

"Irekebishe sasa hivi, binti. Usinikumbushe kwamba bado uko kwenye kipindi cha majaribio."

Hali za duka zipo tatu tu. Wazi. Imefungwa kwa muda. Imefungwa kabisa. Kwa muda! Kidole kiliganda hapo. Bosi yuko nyuma yangu, namsikia anavyopumua.

Nikachagua ya mwisho.

Mama sijamwambia.

Jumanne, 11 Machi

Injini imesoma. Maandishi mekundu sasa. Picha ipo, anatabasamu vilevile.

Jumatano, 12 Machi

Simu haijalia tangu jana. Mama kaitoa kwenye chaji, kaifuta kwa pindo la nguo, kairudisha. Jioni kaingia chumbani kwangu. Nyinyi watu wa kompyuta, hebu angalia, labda mtandao una matatizo. Nikasema labda. Mwoga mimi!

"Basi nipigie, tuone kama inaita."

Karudi nayo jikoni. Nimetafuta jina: Baba. Nimebonyeza. Inalia kule, na Mama kapokea papo hapo. Anajua ni mimi, nimetoka kumwona sasa hivi.

"Haloo, kwa fundi hapa," anasema, kwa sauti ile ya wateja. "Karibu. Tukusaidie nini?"

Simu iko sikioni. Naandika kwa mkono mwingine ili nisiongee. Hajakata. Anasema tena, taratibu: haloo?