Chuma cha nyuma cha jeep ya Désiré

Adolphine dada, nimetoka kwa fundi sasa hivi. Nakuandikia kwa karatasi ya sukari, sijakaa hata chini.

Désiré mutoto wangu aliniita tuchague pareshoki, chuma cha nyuma cha ile jeep alinunua kwa Mubelgiji. Nilifurahi! Nilisema ndani ya roho, ananiita sababu tutaenda naye Obokote, kwa kaburi ya binti yangu Joséphine, vile aliniahidi.

Fundi akatoa mbili. Moja iko na kipandio. Ingine iko na ndoano ya kuvutia jeep ndani ya matope. Nikaweka muguu kwa kipandio: "Njo hii! Hapa hata muzee kama mimi anapanda."

Désiré anasema, "Mama, toa muguu. Tunakamata ya ndoano."

"Na mimi nitapandia wapi?"

Akaangalia chini. "Mama, umezeeka, ile njia hautaiweza. Wewe unabakia."

Unabakia! Mbele ya fundi, Adolphine. Unabakia.

Sikulia. Nilimwambia fundi, "Funga ya ndoano, ukaze muzuri. Njia ya Obokote iko na matope mingi."

Sanduku yangu ya safari ingali imefungwa hapa mulangoni. Kuya hapa kwangu unifungulie. Mikono yangu inakataa.