Kidole cha Baba kwenye Tundu la Plagi

Jumapili, 4 Mei

Kaka, shikamoo.

Habari za huko na kazi? Sisi hatujambo kiasi. Baba anakula na kulala, ila upande wa kulia bado haumtii tangu kiharusi, na maneno hayatoki. Asubuhi namsukuma kwa kiti chake cha magurudumu mpaka mlangoni mwa gereji, anakaa ananitazama nikichafuka.

Injini ya pikapu yake nimemaliza kuifunga, ile aliyoiacha vipande vipande mezani siku alipoanguka. Pistoni, ringi, vyote nimevirudisha mwenyewe. Lakini haiwaki, kaka. Stata inazungusha vizuri, nikichomoa plagi cheche naiona, petroli inafika. Ila inapiga chafya kupitia kabureta, inalipuka kwenye bomba la moshi, kisha kimya. Muuza vipuri wa jirani alikuja kunipa pole kama vile nimefiwa.

Nimechoka mpaka nasinzia na kijiko mkononi. Lakini ahadi yako naikumbuka: injini ikiwaka kabla mwezi haujaisha, gereji huiuzi, na Baba anabaki kwake. Hati ina jina lako kwa kuwa wewe ndiye mkubwa, sina ubishi. Baba alikufundisha wewe kabla yangu. Niambie nakosea wapi.

Mdogo wako

Jumatano, 14 Mei

Mdogo wangu, marahaba.

Namshukuru Mungu mnaendelea. Mimi mzima, ila mgongo, na zamu za kiwandani hazina huruma. Barua yako niliisomea kituoni, nikaachwa na basi.

Sikufichi, yule anayeitaka gereji, mnunuzi, hanipi nafasi ya kupumua. Chumba cha Baba hapa kwangu kiko tayari, na nimechoka kulala nikiwawaza. Gari lile lilikuwa bovu hata Baba akiwa mzima. Liache.

Ila najua hutaliacha. Cheche ipo, mafuta yapo, basi cheche inakuja wakati mbaya. Distributa, ile inayozigawia plagi cheche, uliiweka kwa kufuata alama ya puli peke yake, sivyo? Alama ile hufika juu mara mbili: mara pistoni inapobana hewa, mara inapotoa moshi. Ndiyo maana kazi ile tuliifanya wawili. Baba alizungusha krenki kwa spana, mimi nikaziba tundu la plagi ya kwanza kwa kidole. Upepo ukikisukuma kidole, hapo ndipo. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini kazi hiyo kinaiweza.

Kaka yako

Alhamisi, 22 Mei

Kaka, shikamoo. Mgongo unaendeleaje?

Imewaka! Ngoja nikueleze vizuri.

Ni kweli, nilikuwa peke yangu nikaiamini alama. Mikono yangu haifiki kwenye puli na kwenye tundu kwa pamoja. Nilimsomea Baba sehemu ya barua yako inayohusu injini tu, na kabla sijamwita muuza vipuri, akaninyooshea mkono wa kushoto. Nikakisogeza kiti mpaka kwenye bampa, nikamwinua kwa mito, akaziba tundu. Nikazungusha. Alama ikaja, Baba kimya. Nikazungusha tena. Ilipokuja mara ya pili kidole chake kikaruka, na akatoa sauti. Si neno, kaka, sauti tu, lakini sikuwa nimeisikia tangu aanguke.

Nikaichomoa distributa, nikaigeuza nusu mzunguko, nikairudisha. Kugusa stata tu, ikawaka. Baba akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, nami nikalia kwa sauti mpaka muuza vipuri akaja kuuliza safari hii amefariki nani.

Mwezi haujaisha. Mwambie mnunuzi atafute kwingine.

Mdogo wako

Jumamosi, 31 Mei

Mdogo wangu, marahaba.

Natumaini mko salama. Barua yako imenifikia jana, imechelewa. Nilisaini mkataba wa kuuza gereji tarehe ishirini. Mnunuzi alinibana, nami nilijiambia injini ile haitawaka ng'o. Sikungoja. Nimemwomba tuvunje mkataba, hataki hata kunisikia. Ataingia katikati ya Juni.

Chumba cha Baba bado kipo, na wewe pia njoo. Nisamehe.

Kaka yako

Jumanne, 17 Juni

Kaka, shikamoo.

Sisi hatujambo, na wewe uwe hujambo. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza nilijikuta naandika matusi. Watu husema yaliyopita si ndwele. Mimi bado naumwa.

Jana tumehama. Jeki, spana, meza ya Baba, vyote viliingia nyuma ya pikapu, na Baba nikamketisha mbele. Kwa chumba chako tunashukuru, lakini hatuji. Nimepanga upande wa pili wa mji, na kazi nitaifanya kwa kuyafuata magari pale pale yalipoharibikia. Baba atakaa garini akinielekeza kwa mkono, na akikasirika atapiga honi.

Hajui kwamba uliuza. Nimemwambia wateja wamehamia huku. Sikumdanganya kwa ajili yako, nilimdanganya kwa ajili yake.

Maneno yameanza kumrudia. La kwanza kumtoka lilikuwa jina lako, na sasa kila nikiwasha injini analitaja, anageuza shingo kukutafuta. Nimemwambia utakuja. Usinifanye mwongo mara ya pili.

Mdogo wako