Bangili za Shaba

Alhamisi

Mikono bado inanuka shaba, na nimenawa tena na tena.

Nimechoka na hii mashine yetu ya CT. Mama wa leo, mfugaji kutoka Hanang, ana uvimbe kwenye titi, na daktari alitaka kujua kama umefika kwenye mapafu. Nikamwomba avue bangili zake, maana shaba hutia michirizi kwenye picha.

Akaniangalia. "Mwanangu, hizi tunavua kukiwa na msiba."

Nilimbembeleza mpaka akakubali. Nikazitoa kwa sabuni, moja moja, huku foleni ikinung'unika nje.

Kwenye semina walituonyesha mashine ya CT ya kupima titi peke yake. Mgonjwa analala kifudifudi, titi linaning'inia kwenye tundu, mashine inalizunguka bila kulibana. Mikono inabaki mbali na mionzi. Kwa kipimo cha titi tu, angebaki na bangili zake. Lakini hiyo itafika huku lini, mimi sijui.

Picha ilitoka safi kabisa. Madoa yamejaa mapafu yote mawili. Kusoma majibu ni kazi ya daktari, si yangu, ila miaka yote hii nimeona mengi...

Nilipomtoa nje, mumewe aliona ile mikono mitupu, akasimama. Nikamwamkia, shikamoo mzee.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, mzee. Ni kwa ajili ya picha tu."

Akakaa, akaanza kumvisha mkewe bangili, moja moja, taratibu, kama mtu mwenye muda mwingi.