Nilitafsiri Swali la Baba Mkwe

Mpendwa Mama Mektrida,

Shikamoo. Nisaidie kabla nyumba yangu haijawaka moto. Mimi ni muuguzi, mume wangu Gidioni anafundisha kwaya, na mwezi wa tano usharika rafiki wa Kilutheri wa Ujerumani ulitualika sisi wawili pamoja na baba mkwe, Mzee Eliamini, mchungaji wao, Dieter, akatuzungusha kwa gari wiki nzima kwenye kumbukumbu za vita, leo kanisa lililobomolewa kwa mabomu, kesho makaburi ya askari, mpaka tukafika kwenye kambi walikouawa watu wasio na hatia, majina yamechongwa ukutani, naye mchungaji akasema bila kuficha, "Haya tuliyafanya sisi," nami nikalia. Ndipo Baba akavua kofia, akauliza kwa Kichagga, "Na baba yangu mkubwa na wenzake mliowanyonga kwetu enzi za utawala wenu, ukuta wao uko wapi?" Gidioni ndiye aliyekuwa mkalimani, akatazama viatu vyake, Baba akauliza tena, basi nikatafsiri mimi, kwa Kijerumani changu cha wodini nilichookota kwa madaktari wa misheni. Mchungaji alikaa chini kwenye ngazi, akasema, "Sijui. Hatukufundishwa." Mama, nilijivunia mzee yule nikasahau hata baridi! Lakini tangu turudi mume wangu hasemi nami, eti nimewatukana watu waliotulisha, na anataka wakija kututembelea Desemba Baba awapokee kwa jani la isale, lile tunalomshikia mtu tukimwomba radhi, na kwanza mimi niandike barua ya kuomba radhi kwa jina la Baba maana yeye hajui kuandika. Baba amekataa katakata. Je, niandike kwa siri ili nyumba itulie?

Ruth, Old Moshi, 1978

Ruth, usithubutu! Kumwekea maneno mdomoni mzee aliye hai, tena kwa siri, na chakula chake unampakulia wewe?

Pole kwa ukimya wa nyumbani, najua unavyochosha. Lakini soma tena ulichoandika. Mchungaji hakununa. Aliyeudhika ni Gidioni peke yake, kwa sababu alipewa kazi ya kufikisha neno la baba yake akaogopa, ukaifanya wewe. Usimcheke. Na ninavyowajua ninyi wauguzi, wodi nzima imeshasimuliwa. Koma.

Mimi ni Mkatoliki wa kule Mkuu, mambo ya Walutheri siyaingilii, ila isale hushikwa na aliyekosa. Mzee amemkosea nani? Walimsimamisha mbele ya majina ya wafu, akawakumbuka wake. Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa ofisini kwa gazeti, tukampigia mzee makofi.

Desemba, Baba awapeleke wageni mahali baba yake mkubwa na wenzake waliponyongwa, kwa miguu, na mkalimani awe Gidioni. Mwombe wewe mwenyewe, mkiwa wawili, kwa heshima. Barua andika, lakini mezani, Baba akikutajia majina ya walionyongwa anaowajua, ukoo kwa ukoo. Ukimaliza, mpe Gidioni aitafsiri kwa Kijerumani. Akifika kwenye jina la babu yake, aseme mwenyewe kama kuna cha kuombea radhi.