Kaburateri ndani ya nyungu ya mbegu

Butembo, Jumanne. Ukungu imekalia vilima tangu asubuhi, na magoti yangu inasema mvua iko njiani.

Ninyi bajukuu yangu, hamuna haya? Kavira, mwenye ananiandikia, aliniambia kama hii ukurasa ya internet, mutu anaweza kuifungua hata kama iko Kampala, hata Ulaya, bila kulipa tiketi. Na bado hamufiki! Hakuna hata mumoja wa kuuliza kama mukaka yenu, nyanya yenu, anakula. Ninakula. Muzuri kabisa. Aksanti kwa kuuliza.

Mimi sikusoma, munajua. Mimi nasema, Kavira anaandika, na nimemukataza kupamba.

Leo nilifungua nyungu ya mbegu, kwa sababu wakati wa kupanda maharagi imefika kule shambani, Musienene. Munajua namna yetu: maharagi ya kula inakaa mu mufuko, lakini ya mbegu inalala ndani ya majivu, bidudu bisiitoboe. Nikaingiza mukono, majivu ikapanda mpaka mu pua, na badala ya kufikiri shamba nikamufikiri bwana yangu. Nikakaa chini. Nikacheka peke yangu.

Hii habari, hakuna mutu niliisha kumuambia.

Ilikuwa ile myaka ya rebelio, ya vita ya waasi. Leo basoda hawa na bunduki zao, kesho basoda bengine, na bote balikuwa na ugonjwa mumoja: wakiona gari, wanaitaka. Walisema wanaazima. Gari ikirudi, inarudi bila viti. Donc basi, banaume ba hapa wakajifunza akili: ukisikia basoda bapya wanaingia, unafungua kaburateri, kale kachombo ka chuma kanachanganya esanse, ile petroli, na hewa kabla moteri ikunywe, unakaficha. Gari bila kaburateri ni nyumba ya kuku tu. Wanaisukuma, inakataa, wanakutukana, wanakwenda zao.

Baba Paluku, bwana yangu, alikuwa na kamionete, gari ndogo ya mizigo, yenye ilikuwa nzee hata kabla mutoto yetu Paluku azaliwe. Aliipenda sana. Kaburateri yake aliificha "fasi soda hawezi kugusa", akasema hivyo tu. Sikumuuliza ni pahali gani. Wakati ile, kitu chenye haukijui hakiwezi kukutoka mu kinywa.

Kisha habari ikafika. Yaya Masika, dada yangu mukubwa, alikuwa analima kakao upande wa Oicha. Vita ikawafukuza. Alitembea mpaka Beni, miguu ikavimba kama mihogo, akakaa mu kiwanja ya kanisa, hawezi tena hata hatua moja. Mama mumoja muuza maharagi ndiye alituletea maneno: bale batu alikimbia nao wanaendelea na safari leo leo, na yeye watamuacha pale.

Barabara ilikuwa imetulia. Mais lakini kila mutu alijua: unaondoka asubuhi, unarudi mbele ya giza. Na hakuna mutu alijua utulivu ile itadumu mpaka lini.

Nikamuambia Baba Paluku alete hiyo kaburateri yake. Akaingia mu jikoni. Mu jikoni yangu! Nikamuona anaingiza mukono mpaka bega ndani ya nyungu ya mbegu.

"Baba Paluku! Mbegu yangu!"

"Soda gani atakula maharagi ya majivu?"

"Na kama ningekwenda kupanda bila kujua?"

"Kaburateri haioti, mama. Ingekuwa inaota, tungekuwa matajiri."

Hakuifunga hata na kitambaa. Aliiviringisha mu jani ya ndizi, jani ikakauka, ikapasuka.

Akaipuliza, majivu ikanirukia mu nywele, akaifunga pahali pake. Tulikuwa na nusu ya bidoni, nusu dumu tu ya esanse, ya kwenda na kurudi, si zaidi. Akawasha. Moteri ikakohoa, ikanyamaza, na esanse ikaanza kumwagika inje ya kaburateri, to, to, to, mu udongo.

"Inazama," akasema.

Akanifasiria. Ndani kuko sindano. Kazi yake ni kufunga mulango esanse ikitosha. Sindano ikikataa kufunga, esanse inaingia bila kipimo, moteri inakunywa mpaka inatapika. Akatoa buji, zile plagi za kuwasha moto mu moteri, zilikuwa zimelowa kama sahani yenye imetoka kuoshwa. Akazipanguza na kitenge yangu, bila kuniomba. Akawasha tena. Ikamwagika. Akafungua kaburateri, akaiosha na esanse, akarudisha. Ikamwagika.

Yeye aliangalia gari. Mimi niliangalia bidoni.

Akakaa kwa mulango, mikono myeusi juu ya magoti. "Tutakwenda kesho," akasema, kwa sauti ndogo.

Kesho yaya yangu atakuwa peke yake.

Sikulia. Kulia hakufungi sindano. Nikamuambia afungue tena, anipatie bile bipande mu sahani. Kulikuwa kachombo kengine kadogo, kanaelea juu ya esanse, ndiko kanasukuma sindano. Akasema kama kametoboka, kanajaa esanse, basi tumekwisha. Nikakatikisa kwa sikio, sawa mutu anatikisa yai ya kuku yenye imelaliwa sana. Kimya. Ni kazima. Kisha nikaingiza kidole kidogo mu katundu sindano inakaa. Kulikuwa na maganda, sawa chini ya sufuria yenye mutoto amesema ameosha.

Majivu. Ilishika unyevu mule ndani, ikakauka, ikawa ngozi. Na yeye anaosha na esanse! Majivu haijui esanse. Majivu inajua maji. Mwanamuke yeyote mwenye alichuja maji ya majivu kwa kulainisha mboga anajua ile.

"Lete maji ya moto."

"Maji? Mama Paluku, maji na esanse ni baadui!"

"Na majivu na esanse ni bandugu? Lete."

Akaleta. Kuku akapita, nikamuomba unyoya moja, hakufurahi. Nikasugua na ile unyoya, nikamwaga, nikasugua tena. Maji ikatoka ya kijivu, kisha nyeupe nyeupe, kisha safi. Sasa kukausha. Kwa moto hapana, mimi si mupumbavu. Nikapanguza, nikafunga bile bipande mu kitambaa safi, nikaviingiza mu kifua, ndani ya blauzi, nikazunguka kiwanja kama mwenye anabembeleza.

Baba Paluku akaniangalia. "Hiyo mutoto anafanana na nani?"

"Na wewe. Hasikii."

Hapo ndiyo alicheka. Tangu asubuhi, mara ya kwanza.

Akarudisha yote pahali pake. Akamwaga esanse kidogo. Tukainama sisi wawili, vichwa vinagusana, tunasikiliza.

Hakuna tone.

Moteri ikatoa moshi mweusi, kisha sauti yake ikasafika. Nilikuwa na majivu mu nywele yote. Nikachukua kitambaa mupya, nikafunga kichwa, nikapanda. Tukashuka muteremko ya Kabasha, barabara ya Beni. Chini kabisa akasema, macho iko mu barabara: "Usimuambie dada yako kama niliiweka mu majivu. Ananiheshimu."

Tulimukuta Yaya anakaa juu ya mufuko yake, mu kiwanja ya kanisa. Bale wenzake walikuwa wamekwenda. Akaniangalia toka miguu mpaka kichwa, akaona ile kitambaa mupya.

"Katungu," akasema, "mimi niko nakufa hapa, na wewe unachelewa juu ya kujipamba?"

Baba Paluku akaniangalia. Ningeweza kusema yote.

"Unisamehe, yaya," nikasema. "Kitambaa ilikuwa inakataa kufunga."

Baba Paluku akatupatia mugongo haraka, akajifanya anaangalia gurudumu. Mais niliona mabega yake inatikisika. Kisha akamubeba Yaya mwenyewe, akamukalisha mbele sawa muke ya pasta. Mimi nikapanda nyuma na mufuko. Giza haijaingia, tulikuwa nyumbani.

Leo Baba Paluku analala mu udongo ya Musienene. Yaya anaishi hapa, chumba ya nyuma, na kila mugeni anamuhadisia namna nilimuacha karibu afe juu ya kilemba. Kila mwaka anaongeza. Sasa nimeisha kuwa na mafuta ya midomo. Nafikiri mwaka ujao atanivalisha viatu vya visigino.

Ninanyamaza. Mimi, mwenye sijui kunyamaza.

Kwa sababu akianza tu ile habari, ninaona tena ile mabega ya Baba Paluku.

Basi, sikilizeni. Mukikuja tena, leteni sukari, na mumusalimie Yaya kabla ya kunisalimia mimi, kwa sikio ya kuume, ya kushoto haisikii tena. Atawaambia habari ya kitambaa. Mutikise kichwa, museme Mukaka Katungu alikosa kabisa. Na mumuache amalize.